Mkono wa Mwingine Mnarani

Koksijde, 19 Februari 1973

Bavo,

Nivumilie mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Niliteleza kwenye barafu mlangoni kwa dada yangu, nikiwa nimebeba ndoo ya makaa. Daktari amenikataza kupiga ngumi juu ya kitu chochote mpaka majira ya joto. "Hata juu ya meza, Bi Stroobants." Nikamwambia mimi hulipwa kwa kupiga ngumi, vijiti vya kinanda cha kengele havitaki vidole. Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Mkataba wangu unaujua. Mpiga kengele wa mji akikaa robo mwaka bila kupanda mnarani, halmashauri ina haki ya kuitangaza nafasi yake. Diwani Roelandts atafurahi. Siku niliyoajiriwa alikuwa mmoja wa waliosema mnara si mahali pa mwanamke, na bado anakalia kiti kilekile. Nina miaka hamsini na nne. Hakuna mji utakaonichukua tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo siwezi kumwomba mtu mwingine. Nipigie. Saa yangu ya soko, kila Jumamosi, kwa jina langu. Lindervelde watu wanajua dada yangu mgonjwa na kwamba nakuja kwa treni kupiga tu, kisha narudi pwani. Nani atakagua? Sisi wapiga kengele husikika na mji mzima na hatuonekani na yeyote. Ufunguo anao Irma, pale mkahawani chini ya mnara. Yeye peke yake anajua. Ukishaingia chumba cha kinanda, jifungie kwa ndani.

Na upige kama mimi. Wachuuzi wa soko wamenisikia zaidi ya miaka ishirini, wananijua kuliko wanavyodhani. Mkono wangu wa kushoto huchelewa kidogo. Kengele kubwa huwa naiacha imalize kusema ndipo naendelea. Wewe una kasi, ifiche.

Siku nitakayostaafu, jina la kwanza nitakalolitaja mezani kwao litakuwa lako.

Godelieve Stroobants


Lindervelde, 27 Februari 1973

Mwalimu wangu,

Pole sana kwa mkono. Hukuwa na haja ya kuomba, ungeniambia tu.

Nimepiga. Hakuna aliyeinua kichwa, na nadhani hicho ndicho ulichotaka. Irma anasema muuza jibini alimwambia, "Godelieve leo kaamka vizuri," basi. Huko juu baridi ni ya kuua. Njiwa wamejaa dirishani wananikodolea macho kama waamuzi.

Kujizuia ni kazi kuliko kupiga. Kwenye dansi ya pili mikono ilitaka kukimbia, ikabidi niikemee kwa sauti. Jana shuleni watoto ninaowafundisha waliniuliza kwa nini vidole vyangu vidogo ni vyekundu. Nikawaambia nimegombana na mlango, mlango ukashinda. Leo nimepiga kinanda cha kanisa kwenye mazishi, na mjane akanishukuru kwa kutokwenda mbio. Unaona? Naanza kuwa wewe hata kwa wafu.

Usiwe na wasiwasi. Kula samaki, pumzisha mkono.

Bavo wako


Koksijde, 5 Machi 1973

Bavo,

Jumamosi Irma alinipigia simu dukani kwa jirani yetu, kisha akautoa mkono wa simu nje ya dirisha lake. Nilikusikia. Kulikuwa na mtu anapiga kelele za kuuza kuku, lakini nilikusikia.

Ulianza vizuri. Katikati ukajisahau. Ule mteremko wa sauti ndogondogo, uliuongeza mwenyewe. Mimi sijawahi kuupiga. Ulikuwa mzuri, sikatai. Ndiyo maana ni hatari. Yuko mtu mmoja pale sokoni, yule mchinjaji Wybo, baba yake alikuwa mpiga kengele. Akisimama kusikiliza tumekwisha.

Jumamosi wewe si wewe, Bavo. Wewe ni mimi. Nakuomba ulishike hilo.

Nyimbo za Machi nimekuandikia hapa chini, na mahali pa kuvuta pumzi nimepawekea alama.

G. S.


Lindervelde, 27 Machi 1973

Godelieve shoga yangu,

Habari za pwani? Dada yako bado anakuamuru kama askari? Mwambie mimi namsalimu, na kwamba wewe hukuumbwa kukaa kwenye kiti chenye mto.

Sasa sikia vituko. Jumamosi Wybo mchinjaji kaingia kwangu, kaagiza bia, kasimama mlangoni na povu kwenye sharubu anasikiliza juu. Nikamuuliza, "Vipi, bwana, umepotelewa na kitu huko mawinguni?" Akasema, "Huyu mwanamke, kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi kupiga kama yeye mwenyewe." Nikaingia jikoni nikacheka mpaka nikakaa chini.

Huyo kijana wako ananifurahisha lakini ananitia huruma. Akishuka namwekea supu, anaiacha ipoe, mikono mapajani kama ya mtu mwingine. Nikamwambia, "Bavo, umepiga vizuri sana leo." Akaniambia, "Nani, mimi?" Nikadhani mzaha. Hakuwa anacheka.

Ana miaka thelathini na moja, hana mchumba, hana mnara. Nilimuuliza kwa nini asitafute mji wake. "Irma," akasema, "minara ni michache na wapiga kengele hawafi." Nikampiga na kitambaa cha vyombo.

Pona haraka. Kamba wa pwani niletee, wa kijivu, wale wadogo.

Irma


Lindervelde, 12 Aprili 1973

Mwalimu,

Kuna jambo. Watu wa redio wamemwandikia diwani. Wanatayarisha kipindi cha kengele za miji midogo, na wametuchagua sisi. Watakuja Jumamosi ya kwanza ya Mei, wataweka vyombo vyao uwanjani na juu ya paa la ukumbi wa mji. Mnarani hawana haja ya kupanda. Wanataka sauti tu. Roelandts ameshakubali kwa niaba yako. Barua yake kwako nadhani inakuja.

Nimelala na jambo hili usiku kadhaa. Mwalimu, nchi nzima itasikiliza. Je, hakuna njia? Tungeweza kusema umeteguka mkono wiki ileile, na mwanafunzi wako akakushikia nafasi siku moja. Siku moja haivunji mkataba. Wangetaja jina langu mara moja tu, na Jumamosi inayofuata ningerudi kuwa wewe.

Sijawahi kusikia jina langu likitajwa baada ya kengele.

Bavo


Koksijde, 16 Aprili 1973

Bavo,

Haiwezekani. Wakisikia nimeteguka, Roelandts atataka cheti cha daktari. Cheti kitasema Februari. Robo mwaka inatimia Mei hiyohiyo. Umefikiria kweli?

Piga vizuri, piga kama ninavyopiga. Kitakachosikika ni kazi yako, wewe na mimi tutajua. Zamu yako itakuja. Mimi nilingoja miaka tisa nikipiga kwenye harusi za watu.

Mkono unaanza kushika kijiko. Daktari ameridhika.

G. S.


Lindervelde, 7 Mei 1973

Mwalimu wangu,

Sijui nianzie wapi.

Watu wa redio walikuja. Nilipiga saa nzima kama ulivyoagiza, kila pumzi mahali pake. Nilipoinua kichwa, diwani Roelandts alikuwa amesimama ndani ya chumba cha kinanda, kofia mkononi, na nyuma yake mtu wa redio na mwandishi wa gazeti la jimbo. Walikuwa wamepanda kukupongeza. Mlango haukuwa umefungwa. Nilisahau, Mwalimu. Asubuhi ile nilikuwa na hofu ya redio, nikausahau mlango.

Roelandts alitazama nyuma ya mlango. Akasema, "Na Bi Stroobants yuko wapi?" Nilimwambia ukweli. Nilimweleza habari ya mkono. Nilimwambia wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu.

Nisamehe. Sijala tangu juzi.

Bavo


Koksijde, 10 Mei 1973

Bavo mwanangu,

Barua ya halmashauri imefika asubuhi moja na yako. Wananishukuru kwa utumishi mrefu. Nafasi inatangazwa, na shindano litafanyika Septemba, kwa sababu sheria haiwaruhusu kumchagua mtu bila shindano. Wananipa heshima ya kuwa mmoja wa waamuzi wanne. Waliandika neno "heshima" mara mbili.

Sikiliza. Usijilaumu. Mlango husahaulika. Mimi mwenyewe niliwahi kumfungia njiwa mle ndani siku mbili. Kosa ni langu, nilikubebesha mzigo wangu na nikakukaripia juu yake. Nimelia, sitakuficha, lakini sikulia kwa ajili yako.

Kula. Na ujiandikishe kwenye shindano. Kama mnara ule hautakuwa wangu, uwe wako.

Godelieve


Lindervelde, 14 Mei 1973

Shoga yangu,

Nimeandika barua hii mara mbili nikaichana. Nasikitika mpaka siwezi kuhesabu chenji za wateja. Roelandts kaja kunywa kahawa hapa kana kwamba mnara ni wa mama yake. Nilimpa iliyopoa.

Ila sielewi, Godelieve, kwa nini hukuniambia kwamba mmebadilisha mpango. Ningejiandaa. Asubuhi ile ya redio Bavo alikuja kwangu mapema, kavaa tai, akaniomba vikombe vyangu vizuri, vile vya ukingo wa dhahabu nilivyoolewa navyo, na nusu ya keki ya mchele. Nikamwambia, "Ehe, leo njiwa wanakunywa kahawa?" Akasema, "Nina wageni huko juu, Irma." Nilidhani mmekubaliana, mmeamua kusema wenyewe kabla ya kukamatwa. Nilidhani ni busara yako. Nikampa na kitambaa cha meza.

Baadaye namwona mtaani, watu wanampa mkono, na wewe hata kunipigia simu hupigi. Ndipo nikaanza kuwaza. Niambie kama nawaza vibaya, nitajipiga kofi mwenyewe.

Vikombe alivirudisha vyote, vimeoshwa.

Irma


Koksijde, 16 Mei 1973

Bavo,

Mtu aliyesahau mlango haandai keki.

Ulinitazama nikikufariji, ukaniacha nikufariji.

G. Stroobants


Lindervelde, 22 Mei 1973

Mwalimu,

Nilianza barua yenye maelezo mengi nikaiacha. Ndiyo, nilimwalika. Nilimwandikia Roelandts kwamba mpigaji angependa kumwonyesha chumba cha kinanda. Sikuandika ni mpigaji gani.

Nilidhani ataniona nikipiga, atasikia, na kazi nitapewa palepale. Nilidhani nawe utapewa kiinua mgongo na maua, na mkono wako hautapona hata hivyo. Nilijiambia mambo mengi. Hili la shindano sikulijua.

Lakini uniulize na mimi. Nani alipiga Machi yote huku vidole vimepasuka? Wybo alisema unazidi kupiga kama wewe mwenyewe. Irma alinisimulia akicheka mpaka machozi. Nilikwenda nyumbani nikakaa gizani. Uliahidi kunitaja siku utakayostaafu. Una miaka hamsini na nne, Mwalimu. Bado miaka kumi na zaidi. Ulitaka niwe wewe mpaka lini? Niliomba jina langu litajwe mara moja. Mara moja. Ukaniandikia habari za kijiko.

Ulichukua mikono yangu, mimi nikachukua mnara wako. Sijui nani kamwibia mwenzake zaidi.

Bavo Lievrouw


Lindervelde, 30 Agosti 1973

Mwalimu,

Hukujibu, nami sikustahili.

Wiki ijayo ni shindano. Tumejiandikisha wanne. Unajua desturi: tunapiga kwa namba tulizookota kofiani, ninyi waamuzi mnakaa kwenye ua wa nyuma wa ukumbi wa mji, hamjui nani yuko juu. Lakini wewe utanijua. Ulinifundisha kupiga kijiti, utanijua kabla sijafika mwisho wa mstari wa kwanza.

Sikuombi unipendelee. Naomba unisikilize kama usiyenijua.

Nimepewa ruhusa ya kufanya mazoezi kwenye kinanda cha kengele cha mji wa Mechelen. Kuna kitu kinanisumbua ambacho ningemwambia mwalimu wangu kama ningekuwa naye bado.

Bavo Lievrouw


Lindervelde, 12 Septemba 1973

Bi Stroobants,

Hongera. Mji umepata mpigaji mpya, binti kutoka Zutphen. Watu wanasema anapiga kana kwamba amefungua madirisha yote.

Baada ya matokeo mzee Tiemersma, yule mwamuzi Mholanzi, alinikuta mkahawani kwa Irma. Aliniwekea mkono begani mbele ya watu. "Kijana, umepiga bila kosa hata moja," akasema. "Lakini umepiga mtu mwingine. Mji huu mtu huyo wameshakuwa naye." Wybo akacheka. Irma hakunipa hata supu.

Nilikuwa najua. Hilo ndilo lililonisumbua Mechelen. Majira yote ya joto nilijaribu kupiga nilivyokuwa nikipiga nikiwa mwanafunzi, na kila nikianza mkono wa kushoto unachelewa. Nauamrisha uwahi, unachelewa. Nafika kwenye kengele kubwa, nasimama naingoja, sijui nangoja nini. Siku ya shindano nilisema leo nitakimbia. Nilikaa, nikapiga, na nilipomaliza nikatambua nimepiga saa ya soko ya Jumamosi.

Wewe peke yako pale uani ulijua kwamba nina mkono wangu. Ulinisikia nikiwa na miaka kumi na tisa. Ulisema nini? Uliwaambia? Au ulikaa ukanitazama nikizama?

Nirudishie kilicho changu. Niambie nilikuwa napigaje.

Bavo


Koksijde, 20 Septemba 1973

Bwana Lievrouw,

Nitajibu mara moja tu.

Namba moja alikuwa na haraka. Namba mbili, yule binti, alifanya ninyooshe mgongo kitini. Namba tatu mguu wake ulikosa kanyagio mara kadhaa. Kisha ukapiga wewe. Dansi ya kwanza haijafika katikati nikaweka kalamu chini. Mkono wa kushoto ulichelewa. Kengele kubwa ikaachwa imalize kusema. Tiemersma akageuka kunitazama, kama anayehakikisha kwamba bado nimekaa. "Bibi," akasema, "uko hapa au uko kule?" Wengine wakacheka.

Ulipomaliza wakauliza kama namba nne apewe wimbo wa ziada, apige anavyotaka yeye, ili wajue kama ana mkono wake. Waamuzi wana haki hiyo. Mimi nikiwa wa mji huu, waliniachia niamue. Nilijua unao. Nilikumbuka vizuri: ulikuwa ukipiga kama mtu anayeshuka ngazi mbili mbili, unajikwaa, unacheka, unaendelea. Ningesema neno moja tu.

Sikulisema. Umeniuliza, nimekujibu. Lakini usidhani nilikuwa nalipiza. Ningetamani ingekuwa hivyo, ningelala vizuri zaidi. Mkono wangu umepona wa kushika kijiko na sindano, basi. Mnarani sitapanda tena. Ile ilikuwa mara ya mwisho kujisikia nikipiga, katika mji wangu, kengele zangu, watu wakipita na vikapu. Sikutaka uguse kitu kingine chochote baada ya pale. Nilitaka iishie hivyo. Kwa muda ule wote sikukumbuka hata kidogo kwamba aliyeko juu ni wewe.

Alama ya juu kabisa uliyopewa ni yangu. Wenzangu watatu walikupa ya chini, na walikuwa na haki. Usinishukuru. Sikukupa wewe.

Unaniomba nikurudishie mkono wako. Nimekuandikia hapo juu yote ninayokumbuka, katika mstari mmoja. Kautafute na mstari huo, katika mji wenye mnara ambao sijawahi kuupiga, na usiniandikie ukiupata wala ukiukosa.

Na popote utakapopiga, usitaje kamwe kwamba mimi nilikufundisha. Wanaojua kusikiliza watanisikia tu.

Godelieve Stroobants